Miezi Mitatu ya Bwana Nasoro Bila Kidonge

Siku mliyoniaga mlinikatia keki. Wagonjwa ishirini na kitu wamekaa kwenye mabenchi, hawajatia kitu mdomoni tangu jana yake, wanasubiri kutobolewa vidole, na kliniki ya kisukari inamuaga muuguzi wake kwa keki ya ghorofa mbili yenye maua ya sukari. Nilikula kipande. Msikatae kwamba mlinipiga picha. Nimeiona kwenye kundi letu la simu, mdomo wazi, na chini yake mtu kaandika "mshauri wa lishe".

Baadaye mkaniomba niandike machache kwa ajili ya wauguzi wapya. Sawa. Lakini sitaandika nilipandishwa cheo lini wala na nani, kwa sababu mambo hayo hayajawahi kumshusha mtu sukari. Nitaandika nilivyoanza, nilipokosea, na habari ya Bwana Nasoro mwenye duka la vitambaa, aliyegoma kumeza kidonge akanifanya mimi nimeze changu. Mwenyewe kaniruhusu. Sharti lake lilikuwa moja tu, niseme kwamba hata wakati ule wa kitambi alikuwa mwanamume mwenye sura. Haya, nimesema.

Nilianza kazi Miono, kwenye zahanati ya vyumba vitatu na nyuki darini. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Kiondo, mganga msaidizi, mrefu, mkavu, koti lake jeupe halina vifungo viwili vya chini na hakuona sababu ya kuvitafuta. Asubuhi ya kwanza akanipa kazi ya kupima sukari kwenye mkojo. Mashine za kutoboa kidole hazikuwepo. Ulikuwa unatia dawa ya bluu kwenye kibomba cha kioo, unadondoshea matone manane ya mkojo, unapasha moto juu ya taa ya spiriti. Ikibaki bluu, mtu yuko salama. Ikigeuka kijani, muulize maswali. Ikiwa rangi ya tofali, mwite Mzee Kiondo.

Hakuna aliyeniambia kwamba kibomba kinainamishwa na kutikiswa taratibu, na mdomo wake usielekee kwa mtu. Mimi nilikishika wima kama mshumaa, uso wangu juu yake, nikisubiri rangi. Kikachemka kwa mkupuo mmoja kikamwagika chote kifuani kwangu, kwenye sare mpya niliyoipiga pasi mara mbili. Mzee Kiondo akatokea mlangoni, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Rangi gani?" akauliza.

"Kijani, mzee."

"Vizuri. Kumbe majibu tumepata. Nenda kaoge."

Nilikaa naye miaka mingi, na mengi aliyonifundisha yamepitwa na wakati, isipokuwa jambo moja. Alikuwa akisema, "Mwanaidi, usimuulize mgonjwa anakula nini. Ukimuuliza hivyo atakutajia chakula cha watu wa redioni. Muulize jana alikula nini, nani alipika, na kilichobaki kililiwa na nani." Hilo swali la tatu ndilo lenye mgonjwa. Sufuria haibaki na ukoko nyumbani kwa watu bila kuwa na mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni mama aliyekuambia kwamba yeye anakula kidogo tu.

Nilipohamishiwa upande wa Msata nilijiona nimeiva, kwa hiyo nikaharibu. Pale njia panda, mahali mabasi na malori yanaposimama, kulikuwa na Mama Hadija, mpika chapati, mwanamke mnene mcheshi aliyejua majina ya madereva wote na ya wake zao. Alikuja kwa kichwa kuuma. Nikampima, sukari iko juu, si juu sana. Siku ile nilikuwa nimetoka kwenye semina. Nikamkalisha, nikamtolea semina nzima. Aache wanga, apunguze mafuta, ale samaki wa kuchoma, mboga, tunda moja, maziwa yasiyo na mafuta, afanye mazoezi nusu saa kila siku. Alinisikiliza kwa adabu zote, mikono imejaa unga.

"Sista," akasema, "hicho chakula kinatolewa hapa zahanati, au nyumbani kwako?"

Nikacheka. Nilidhani anatania. Sikumuuliza jana alikula nini, wala sikumwambia arudi lini, na kidonge sikumwandikisha kwa daktari kwa sababu kwenye semina walisema tuanze na mwenendo wa maisha. Mwanamke anayesimama mbele ya kikaango kuanzia alfajiri, mimi namwambia afanye mazoezi. Alirudi baada ya mwaka na ushei, na kidonda cha mguu ambacho hakikuwa kinamuuma. Ndiyo maana hakuja mapema, kwa sababu hakikumuuma. Wakamkata vidole viwili huko alikopelekwa. Aliporudi njia panda akaendelea kupika chapati akiwa amekaa kwenye kigoda, na kila nilipopita alinipungia mkono na kunisalimu vizuri kabisa. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Toka siku hiyo nikageuka. Kila aliyezidi kidogo, mimi nilitaka amezeshwe. Habari za kutembea na mboga niliziacha kwenye bango la ukutani. Ndivyo nilivyokuwa nilipohamia kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, na ndivyo alivyonikuta Bwana Nasoro.

Hakuja yeye kutibiwa. Alimsindikiza mkewe, Bi. Salha, aliyekuwa na presha. Wote wawili ni watu wa ukoo wa Kiarabu wa pale mjini, waliorithi duka la vitambaa kutoka kwa babu, na wakati huo Bwana Nasoro alikuwa hajafika hamsini. Mtu wa kanzu safi, harufu ya udi, tumbo limetangulia. Alichoka kusubiri akaniambia, "Sista, na mimi nitoboe, nisikae bure."

Nikamtoboa. Mashine ikasoma kumi na tisa nukta mbili. Nikashtuka, maana mtu wa kumi na tisa kwa kawaida anakuja amekonda, ana kiu, anaamka kwenda chooni kila saa, na huyu alikuwa anang'aa.

"Umekula nini?"

"Kipande cha halua tu, nje hapo."

"Kwa kijiko?"

Akanionyesha vidole. Vilikuwa vinanata. Nikampeleka kwenye sinki, akanawa kwa sabuni, akajifuta, nikamtoboa upya. Kumi na moja nukta nne.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe kunawa mikono kunatibu sukari."

Wauguzi wapya, andikeni hapo. Osha mkono wa mgonjwa kwanza, kausha, toboa pembeni mwa kidole na si katikati, kwa sababu katikati ndiko anakohesabia fedha na kumenyea machungwa. Na usimtangazie mtu ugonjwa kwa kipimo kimoja cha mkono mchafu. Nikamwambia arudi akiwa hajala tangu jana yake. Akarudi, ikasoma nane nukta sita, na kwa mtu ambaye hajala, saba tu tayari ni kisukari. Nikamwita tena juma lililofuata, nane nukta mbili. Hapo hakukuwa na la sabuni tena. Alikuwa na kisukari cha aina ya pili, changa, hakina dalili hata moja.

Tukakaa chumbani watu wanne: mimi, yeye, Bi. Salha, na Daktari Winfrida, binti mdogo aliyekuwa ametoka chuoni karibuni na ambaye wagonjwa walimwita "mwanangu" mpaka anapochukua kalamu. Akamweleza vizuri. Kwamba kisukari kikiwa kichanga namna ile kuna njia ya kuanza na chakula, mwendo na kupunguza uzito, kisha kupima baada ya miezi mitatu, na kuna njia ya kuanza na kidonge papo hapo pamoja na hayo mengine.

"Mpeni kidonge," Bi. Salha akadakia. "Ameze, sisi tuendelee kupika kama tulivyozoea."

"Simezi," akasema Bwana Nasoro.

"Kwa nini humezi?" nikauliza. Nilitegemea lile la nguvu za kiume, maana asilimia kubwa ya wanaume wanaogoma wanaficha hilo, na jibu lake ninalo siku zote: kinachoharibu mambo ya chumbani ni sukari yenyewe ikiachwa. Lakini hakusema hilo.

"Mama yangu alianza na kidonge," akasema, "akamalizia na mguu. Nilimbeba mwenyewe kumtoa kitandani. Simezi."

Mtu mwenye akili angeacha pale. Mimi nikaanza kumtisha: figo, macho, vidonda. Nilikuwa namwona Mama Hadija mbele yangu. Nikapandisha na sauti. Alinisubiri nimalize, kisha akaniuliza kwa upole sana, "Sista, wewe umepima lini?"

"Mimi?"

"Wewe. Nakuona hulingani na miss Tanzania."

Bi. Salha akajifunika mdomo kwa mtandio. Daktari Winfrida akaitazama dari. Nikasema mimi sina tatizo, napima mara kwa mara, uongo mtupu. Nilikuwa nawatoboa watu hamsini kwa siku na kidole changu sikukigusa kwa miaka. Akanyoosha mkono wake akaisogeza ile mashine upande wangu wa meza, taratibu, kama mtu anayemkaribisha mgeni chai. Ningekataa ningeonekana mwoga, nikajitoboa. Nilikuwa nimekunywa chai na maandazi matatu. Kumi na mbili nukta moja.

Akasema, "Kanawe mikono."

Nikanawa, bila faida yoyote. Siku zilizofuata nikapima kabla ya kula, mara mbili: nane nukta moja, saba nukta tisa. Tulikuwa tumefanana kama mapacha, mimi na mwenye duka.

Daktari Winfrida akatuita tena wote, akaweka mambo sawa. Bwana Nasoro atapewa miezi mitatu bila kidonge, kwa masharti: kupimwa kila baada ya wiki mbili, na akipanda au akipata dalili, hakuna mjadala. Mimi nilichagua kidonge. Nilimwambia daktari kwamba kazi yangu hainipi nafasi ya kutembeatembea. Alinitazama, akaandika.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Kidonge kile cha mwanzo, mnakijua, kinamezwa pamoja na chakula na kinaanzwa kwa dozi ndogo, la sivyo tumbo linaasi. Nimewaambia hayo maelfu ya watu. Mimi nikakimeza asubuhi tumbo tupu, nikaenda kazini. Nilikuwa katikati ya somo, nimesimama mbele ya wagonjwa, naeleza umuhimu wa kufuata maelekezo ya dawa, tumbo likanguruma mpaka mzee mmoja wa Zinga aliyekaa mbele akageuka kutazama kama mvua inakuja. Sikumaliza sentensi. Nilitoka mbio, na nikiwa kule nilikokimbilia nikawasikia wanacheka kupitia dirisha la juu. Toka siku hiyo nameza katikati ya chakula kama binadamu wengine, na tumbo likatulia baada ya wiki mbili.

Lakini chakula chenyewe sikubadilisha. Nilimeza, nikajisemea kwamba kidonge kitapambana. Wali wa nazi sahani ileile, chai vijiko vinne.

Kwa Bwana Nasoro nyumba iliwaka moto. Nilipomuuliza maswali ya Mzee Kiondo ndipo nikajua. Jana alikula nini? Biriani. Nani alipika? Salha. Nani alimaliza kilichobaki? "Mimi, Sista. Kikirudi jikoni Salha anadhani hakikunoga." Sahani yake ilikuwa ile sinia ndogo ya wageni. Tukakubaliana ale kwenye sahani ya kawaida, nusu yake mboga, wali usizidi ngumi yake. Akakunja ngumi akaitazama kwa huzuni, na ni mtu wa ngumi kubwa. Bi. Salha alikuja kituoni peke yake kunishtaki.

"Dada Mwanaidi, jana kaja wifi yangu kutoka Unguja, kamkuta mume wangu anakula mchicha. Mchicha! Kaniuliza mbele za watu, Salha, mmegombana?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa afadhali."

Kutembea nako kukawa kisa. Alikuwa anatoka baada ya sala ya alfajiri, anashika njia ya Kaole, anarudi jua likiwa limechomoza. Kanunua na raba nyeupe, anazivaa na kanzu. Mji wetu mdogo, na mwanamume wa makamo akianza kupungua tumbo na kutoka alfajiri na raba mpya, watu hawafikirii kisukari. Katika wiki ya nne Bi. Salha akaambiwa kwamba mumewe ana mke mdogo Kaole. Akakodi bajaji, akamfuata.

Alinisimulia mwenyewe, bado ana hasira. Alimwacha atangulie, akasimamisha bajaji nyuma ya mnazi, akashuka, akanyata. Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi la mama mmoja mtu mzima, ana kisahani mkononi, anakula vitumbua. Alikuwa kwenye cha tano.

"Wallahi dada," akasema, "bora ningemkuta na mwanamke."

Kesho yake akaanza kutembea naye, kumlinda na vitumbua. Mwanzoni alitembea nyuma yake hatua kumi, amenuna. Nikawaambia waende mwendo wa kuweza kuzungumza lakini wasiweze kuimba. Bi. Salha akasema hilo halina shida, ana mengi ya kuzungumza.

Mwezi wa tatu Bwana Nasoro alikuwa amepungua kilo saba, na kanzu zinampwaya. Ndugu wakaingiwa na wasiwasi. Siku moja akarudi nyumbani kutoka dukani kwa ajili ya chakula cha mchana akakuta wajomba wanne na msomaji mmoja wamekaa barazani, wamekuja kumsomea dua. Wakamwambia asifiche, siku hizi ugonjwa wowote una dawa. Akawaapia kwamba ni mchicha. Hawakuamini, wakasoma, naye akaitikia amin, kisha wakala biriani yake yote mbele yake.

Siku ya majibu tulipima wote wawili, mbele ya Daktari Winfrida na Bi. Salha. Bwana Nasoro, sita nukta moja. Mimi, saba nukta sita.

Hakunicheka. Afadhali angecheka. Aliutandaza mtandio wa mkewe uliokuwa umekunjika begani, akaniambia, "Sista, pole." Nilikwenda stoo nikahesabu glavu kwa muda mrefu kuliko wingi wake.

Daktari Winfrida akanifuata huko. "Sista, hapa hakuna aliyemshinda mwenzake," akasema. "Wewe umenywa dawa huku unaipa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Kidonge chako endelea nacho. Lakini chai ile ninaiona." Binti mdogo, namzidi miaka thelathini, na alikuwa na haki. Nikapunguza kijiko kimoja kila wiki mpaka chai ikabaki majani na tangawizi. Wiki ya kwanza bila sukari niliwachukia watu wote. Baadaye nikazoea, na nilipopewa siku moja chai ya vijiko vinne msibani niliiona kama dawa ya kikohozi. Nikaanza pia kwenda kazini kwa miguu. Sukari yangu ikashuka ikakaa kwenye sita na kitu.

Ningeishia hapo mngepata somo zuri la kubandika ukutani. Lakini mwaka mmoja na nusu baadaye Bwana Nasoro akaacha kuja. Alikosa mara moja, ya pili, ya tatu. Nikampigia, akasema amebanwa na biashara. Nikampigia Bi. Salha, akasema, "Njoo dada. Mimi hanisikii."

Nikaenda dukani mchana. Aliponiona naingia akainama nyuma ya majora ya vitambaa kama anatafuta kitu. Nilisimama pale kaunta nikapekuapekua khanga. Mtu mwenye umbo lile hawezi kujificha kwa muda mrefu. Mwisho akainuka.

"Sista, shikamoo." Hajawahi kuniamkia shikamoo hata siku moja, namzidi miaka sita tu. Nikajua mambo mabaya.

"Marahaba. Inasoma ngapi?"

Alikuwa amenunua mashine yake mwenyewe. Akaitoa chini ya kaunta akanisomea: tisa nukta tatu, tisa nukta nane, kumi. Wiki tatu mfululizo.

"Umerudia sinia?"

"Sijarudia, Mungu shahidi. Muulize Salha. Goti liliniuma nikapunguza mwendo kidogo, basi. Nakula vilevile." Akaifunga mashine. "Nimejigamba mji mzima, Sista. Nimewaambia watu msikitini waache vidonge watembee. Sasa nitawaambia nini? Nimeshindwa."

Nikamwambia ukweli ambao nilipaswa kumwambia siku ya kwanza, badala ya kumtisha. Kwamba kongosho, kiungo kinachoushusha mwili sukari, huchoka polepole, kwa wengine mapema na kwa wengine kwa kuchelewa, hata mtu afanye kila kitu sawasawa. Kutembea kwake kulimpa mwaka na nusu mzuri, na bado kunamlinda moyo na miguu. Kidonge si adhabu ya aliyefeli. Kilikuwa kinamsubiri tu, na sasa kimefika.

Alikuwa akikunja na kukunjua kipande cha poplini. "Unakumbuka nilivyokwambia habari ya mama," akasema.

"Nakumbuka."

"Sikusema yote." Alitazama mlangoni kuhakikisha hakuna mteja. "Baada ya maziko, tulipotoa vitu vyake, nilikuta kopo la hina. Zito. Nikalifungua. Vidonge, Sista. Vyote. Nilikuwa nampelekea kila mwezi kwa mkono wangu, ananiambia mwanangu Mungu akubariki, anavitia kwenye kopo. Miaka. Sikumwambia mtu, hata Salha. Kila mtu alisema dawa ndiyo iliyomla mguu, na mimi nikasema hivyohivyo, kwa sababu lingine ni kusema mama yangu alikuwa ananidanganya. Nimelisema mpaka nikaliamini."

Katika kazi yetu tunapenda kuwa na jibu, na mara nyingine linaharibu. Nilifungua mkoba wangu nikatoa kidonge changu cha mchana, nikamwomba maji. Akanipa. Nikakumbuka tumbo langu nikamwomba na kitu cha kula kwanza, maana sikutaka kurudia yale ya siku ile. Akacheka, machozi yanamtoka, akaita, "Salha! Leta chakula! Sahani mbili!"

Bi. Salha alitoka ndani na wali, ngumi kwa ngumi, na mchicha. Akatukuta tumekaa kwenye majora, macho ya mumewe mekundu. Bwana Nasoro akamweleza yote, kopo na vidonge na mashine ya chini ya kaunta, kwa sauti ndogo. Alimsikiliza mpaka mwisho amesimama.

"Kwa hiyo utameza," akasema.

"Nitameza."

"Na kutembea tumeacha?"

"Nani kasema tumeacha?"

"Basi sawa," akasema Bi. Salha, akaweka sahani chini. "Maana presha yangu imeshuka kwa ajili ya barabara ile, na simwachii mtu."

Kesho yake akaja kituoni, Daktari Winfrida akamwanzishia dozi ndogo, pamoja na chakula. Tumbo lilimsumbua siku nne, na nikiri kwamba nilifurahi kidogo. Baada ya miezi mitatu alisoma sita nukta tatu. Msikitini alijirekebisha mwenyewe, bila kulazimishwa, mbele ya watu walewale. Watatu kati yao wakarudi kliniki wiki hiyohiyo, mmoja akiwa na kumi na saba.

Nikiulizwa sasa, kidonge au miguu, namuuliza mtu jana alikula nini, nani alipika, kilichobaki kililiwa na nani. Halafu naongeza la kwangu: nyumbani kwenu nani mwingine alikuwa na ugonjwa huu, na kulitokea nini. Hapo nanyamaza, hata kama foleni imefika getini. Msimtishe mtu kabla hamjasikia jibu hilo.

Toka nimestaafu natembea nao. Bwana Nasoro hunisubiri kwenye kona na zile raba zake, ambazo sasa zina rangi ya udongo. Jana alianza kabla hata ya salamu.

"Sista, umemeza?"

"Nitameza na chai. Na wewe?"

"Na chai."

Tukaenda polepole mpaka nyumba zikaisha, kila mtu na goti lake, hadi Bi. Salha aliyetangulia hatua ishirini akageuka, akashika kiuno, akatuuliza kwa sauti ya kusikika Kaole nzima tunamsindikiza marehemu gani. Tukaongeza mwendo.